Nanasi Lililorudishwa Mezani

Msomaji mpenzi, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za ngoma, za mashairi na za harusi za kwetu. Leo nataka kukusimulia habari ya nanasi la kukaanga. Usicheke. Nanasi hili nusura liwatenganishe bibi na mjukuu wake katika mwezi mtukufu, na mimi niliyejiona msuluhishi nilitoka humo nimefundishwa adabu.

Mambo yalianza Ramadhani iliyopita, katika kumi la kati, nyumbani kwa shangazi yangu Majengo, Pumwani, si mbali na Msikiti wa Riyadha. Shangazi alitoka Mombasa mwaka 1968 kumfuata mumewe aliyekuwa akifanya kazi katika reli, na tangu siku hiyo hajahama mtaa. Wenye kuijua Nairobi wanajua Majengo ni pahali gani. Mtaa ulianzishwa miaka ya mwanzo ya 1920, na Waislamu wa kila kabila wakajenga humo nyumba za vyumba vingi, wakazungumza Kiswahili, wakaoana na kufuturu pamoja. Mtu wa pwani akifika huko wakati wa magharibi hana haja ya kuuliza njia. Harufu ya mbaazi za nazi itamshika mkono.

Jioni hiyo jamvi lilikuwa limejaa: uji wa pilipili manga, tende, mahamri, mbaazi, muhogo wa nazi, viazi karai na kaimati. Akaingia mpwa wangu, mjukuu wa shangazi, msichana anayekaa Buruburu na kujipatia riziki kwa kupika vitu vitamu na kuwauzia majirani. Alikuwa amebeba sinia lenye bilauri za miguu mirefu. Ndani ya kila bilauri mlikuwa na vipande vya nanasi vilivyokaangwa vikawa rangi ya dhahabu, vimemwagiwa shira nyeupe ya nazi, na juu yake amechomeka kimwavuli cha karatasi.

Shangazi aliipokea bilauri yake, akaigeuza, akauliza, "Hiki chaitwaje, mwanangu?"

"Pina kolada, bibi. Ni nanasi la kukaanga."

Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango akacheka. "Bibi, hiyo ni pombe ya watalii hiyo!"

"Hakuna pombe, bibi," msichana akasema upesi. "Jina tu."

Shangazi hakupiga kelele. Aliirudisha bilauri juu ya meza polepole, akajifuta vidole kwa ncha ya leso, akasema, "Mimi nimeshiba." Kisha akaondoka kwenda kutia udhu.

Sisi wengine tulikula. Mimi mwenyewe nilikula bilauri mbili, na sitakuficha, kilikuwa kitamu. Lakini mpwa wangu aliondoka kabla ya tarawehe macho yamemwiva, na kwa siku tisa hakutia mguu Majengo. Shangazi naye hakumtaja. Nyumba ikawa na ukimya ule ambao kila mtu anausikia na hakuna anayeusema.

JINA NI JINA TU?

Siku ya tatu nilikwenda kwa shangazi nikiwa na hakika ya hoja yangu. Nikamwambia, "Shangazi, nanasi ni halali, nazi ni halali, unga na mafuta ni halali. Lililobaki ni jina tu."

Akanitazama kama nilipokuwa mtoto nimevunja mtungi. "Wewe ndiye wa kuniambia jina ni jina tu? Wewe unayekesha usiku kucha ukitafuta neno moja la kutia kina? Na huko chuoni mlisomeshwa nini kuhusu pombe na majina?"

Nikanyamaza, maana nilikumbuka. Mwalimu wetu Mombasa alitusomesha kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwaonya watu juu ya wale watakaokuja kunywa ulevi na kuupa jina jingine ili uonekane kitu chema. Ulevi hauhalaliki kwa kubadilishwa jina. Hapa kwetu, nikaona, jambo lilikuwa limepinduliwa: chakula chema kimevishwa jina la ulevi. Je, chakula kinaharamika kwa jina? Wanavyuoni wanasema hukumu hufuata kitu chenyewe. Lakini Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, anaonya kwamba hata kinywaji halali kikinywewa kwa mkao na vyombo vya walevi, kwa kuwaiga, hapo pana makatazo. Nikazikumbuka zile bilauri za miguu mirefu na vile vimwavuli. Shangazi hakuisoma Ihya, lakini jicho lake liliona kitu ambacho mimi, msomi, nilikipita.

Basi nikafanya kazi yangu ya uandishi, nikalitafuta jina hilo asili yake.

Pina kolada ni maneno ya Kihispania, na maana yake ni nanasi lililochujwa. Ni kinywaji cha Puerto Rico, kisiwa cha bahari ya Karibi. Kuna hoteli katika mji wa San Juan iitwayo Caribe Hilton inayosema kwamba mhudumu wake, Ramón Marrero, ndiye aliyekitengeneza mwaka 1954, ingawa wako wengine mjini humo wanaodai sifa hiyo. Ndani yake hutiwa maji ya nanasi, tui la nazi lenye sukari, barafu, na ramu, ambayo ni ulevi unaotokana na miwa. Mwaka 1978 kisiwa hicho kilikitangaza kuwa kinywaji chake cha taifa, na mwaka uliofuata Rupert Holmes alitoa wimbo uliolivumisha jina hilo duniani. Ndivyo lilivyofika katika mahoteli ya pwani yetu, na kutoka mahotelini likapanda hadi Buruburu.

Lakini kuna jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Mwaka 2011 wataalamu waliochunguza uzawa wa minazi ya dunia nzima walitoa habari kwamba iko mikoo miwili mikubwa, mmoja wa Bahari ya Pasifiki na mmoja wa Bahari ya Hindi. Minazi ya upande wa Atlantiki, ikiwamo ya Karibi, ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Haikufika kule kwa kuelea. Ilichukuliwa na watu wa Ulaya, Wareno wakiwa wa mbele, baada ya wao kuizunguka Afrika na kupita pwani zetu mwaka 1498. Nanasi nalo lilifanya safari ya kinyume. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hata jina lake tulilipokea kutoka kwa wenyeji wa huko kwa kupitia midomo mingi. Leo limeenea Malindi na Kilifi, na pale Thika, mwendo mfupi kutoka Nairobi, mashamba yake hayaishi machoni.

Kwa hivyo katika bilauri ile, nazi ni ndugu ya nazi zetu na nanasi ni mgeni wetu wa siku nyingi. Kilicho kigeni kabisa ni ramu. Na ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui na iliki, zile tulizofuturia tangu utotoni, ni nini kama si tunda na nazi? Mpwa wangu alikuwa amekwenda mbali kukiazima kitu ambacho nusu yake kilikuwa jikoni kwa bibi yake.

CHUPA NDOGO

Nikiwa na habari hizo kichwani nilipanda matatu ya Barabara ya Jogoo kwenda Buruburu. Njiani unapita mtaa wa Kaloleni, na karibu na Buruburu iko Barabara ya Rabai. Kaloleni na Rabai! Majina ya nchi ya minazi, yako Eastlands pasipo mnazi hata mmoja. Huko kwetu mnazi mmoja ndio mtoaji wa tui la wali na ndio mtoaji wa tembo. Mgema akipanda jioni akakata kilele, hupata ulevi. Mtoto akiangua dafu mti huo huo, hupata kinywaji cha halali. Hakuna aliyepata kuuharamisha mti.

Mpwa wangu alinipokea kwa heshima, "Shikamoo, mjomba," lakini bila kicheko chake. Nikamwambia nimekuja kuona, si kuhukumu. Akakubali kunipikia kama alivyopika siku ile.

Alikata nanasi duara duara, akachovya katika unga wa ngano uliokorogwa kwa tui la kopo, akakaanga katika mafuta. Kisha akateleka shira: sukari, tui, na mwisho akafungua chupa ndogo kama ya dawa ya macho, akatia matone kadhaa. Jiko zima likanukia.

"Hiyo ni nini?"

"Arki ya ramu, mjomba. Ni harufu tu. Na hata kama kuna kitu, moto unakiondoa."

Nikaiomba chupa, nikavaa miwani. Maandishi yalikuwa madogo kama ya hirizi, lakini yalisomeka: kitu cha kwanza kilichotajwa kilikuwa kileo. Arki nyingi za namna hiyo huyeyushwa ndani ya kileo ili harufu ishike. Hata arki ya vanila iliyo asili, kwa sheria za Marekani, haina ruhusa ya kuitwa hivyo ikiwa kileo chake ni chini ya asilimia 35.

Na habari ya moto nayo si kama watu wanavyodhani. Watafiti wa Marekani walipima jambo hilo mwaka 1992. Chakula kilichotiwa kileo kikawashwa moto kwa madaha mezani kilibakiwa na kiasi cha robo tatu ya kileo chake. Kilichopikwa robo saa kilibakiwa na kiasi cha asilimia 40. Hata kilichochemshwa saa mbili na nusu kilisalia na asilimia 5. Shira ya mpwa wangu ilikaa jikoni dakika mbili.

Matone yale ni machache, hayamlevyi hata mtoto. Najua pia kwamba wako wanavyuoni wenye maneno marefu juu ya arki na madawa, na mwenye shaka amwulize shekhe wake. Lakini sisi chuoni tulifundishwa msingi mwepesi: kilevyacho kwa wingi wake, uchache wake nao uepukwe. Na jambo la kutia kwa hiari yako katika futari ya watu si sawa na jambo lililokufika kwa dharura.

Mpwa wangu alikaa juu ya kigoda, mikono imejaa unga. "Kwa hivyo mjomba, siku ile wote walikula. Isipokuwa bibi."

"Isipokuwa bibi," nikasema.

Nikamweleza kwamba asiyejua hana lawama, nami mwenyewe nilikuwa wa kwanza kumaliza. Lakini hakutaka kupozwa. Aliimwaga shira, akaifunga ile chupa katika gazeti, kisha akashika simu. Aliwapigia mmoja mmoja wale wote waliokuwa wamenunua kwake tangu mwezi kuandama, akawaambia kilichokuwamo na kuwaomba radhi. Nilikaa pembeni nikisikiliza. Mmoja alimkemea, na wawili wakamwambia wasihesabu tena juu yao. Wengi walimshukuru. Nimeandika habari za watu wakubwa wengi katika kazi hii, na si wote ningeweza kusema juu yao niliyoweza kusema juu ya msichana huyo siku hiyo.

MBUZI YA SHANGAZI

"Sasa tupike upya," nikamwambia. "Lakini si kwa tui la kopo."

Nilirudi Majengo kuazima mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu. Shangazi alinipa vyote viwili. Hakuuliza vya nini, ila alisema, "Meno yake makali, yasije yakamkata mtu."

Nazi mbili zilizokomaa tulizinunua Majengo, nanasi tulilitoa Marikiti. Na ile harufu ya ramu tungeipata wapi? Hapo ndipo elimu ya jina ilipotufaa. Ramu hutokana na asali nyeusi ya miwa inayosalia sukari inapotengenezwa. Ladha yake nzito, iliyoungua kidogo, kwa sehemu kubwa ni ya muwa. Na muwa ambao haujachachuka tunao: sukari guru.

Nawaandikia akina mama, na akina baba wasioona haya ya jiko, namna tulivyofanya.

Chukua nanasi moja lililoiva lakini lisiwe tepetepe. Limenye, litoe macho, lioshe kwa maji ya chumvi kama tufanyavyo pwani, kisha likate duara za unene wa kidole na utoe moyo wake mgumu. Zipange duara juu ya kitambaa safi kwa dakika 20 na uzipanguse. Hapa ndipo wengi huharibu. Nanasi ni maji matupu, na likiingia karaini limelowa, mafuta hurukaruka na unga huvuka ukabaki peke yake.

Kuna nazi na kamua tui la kwanza, zito, uliweke. Katika bakuli tia unga wa ngano kikombe 1, unga wa mchele vijiko 2 ili ukauke vizuri, sukari kijiko 1, chumvi kidogo na iliki iliyopondwa. Koroga kwa tui hilo, kiasi cha robo tatu ya kikombe, mpaka uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko. Uache nusu saa.

Machicha usiyatupe. Yakaange makavu katika kikaango bila mafuta, kwa moto mdogo, huku ukigeuza, mpaka yawe rangi ya mchanga wa ufukoni.

Shira ni sukari guru robo kilo, maji nusu kikombe na karafuu moja. Iyeyushe na uichuje, maana sukari guru huwa na takataka, kisha iteleke tena mpaka ianze kushikana. Epua, kamulia ndimu kidogo, na mwisho koroga vijiko vitatu vya tui zito. Tui lisichemke humo, litakatika.

Mafuta yawe ya kina cha vidole vitatu. Dondosha tone la unga: likizama likakaa, moto ni mdogo, likiibuka upesi likitoa povu, wakati umefika. Chovya nanasi, kaanga dakika mbili au tatu kila upande, lichuje mafuta, ligaragaze katika machicha, kisha lidondoshee shira. Liliwe lingali moto, kwani likingoja hulegea.

Tulipoonja, tulitazamana. Sukari guru na karafuu vilikuwa vimeleta ule uzito aliokuwa akiutafuta chupani.

CHANONI

Siku ya ishirini na saba tulikwenda Majengo. Mpwa wangu hakuleta bilauri wala vimwavuli. Alipanga nanasi juu ya chano cha zamani cha mti alichokipata kwa mamake, akalifunika kwa kawa. Mimi njiani nilikuwa nimetunga beti, kwa kuwa niliona chakula kipya kinahitaji jina jipya, na jina ni kazi ya mshairi:

Nanasi na tui lake, vimekutana jikoni,
Ulevi kando uweke, hauna kiti mezani,
Kipewe jina la kwake, litamkike nyumbani,
Bibi na kijana wake, wale pamoja chanoni.

Baada ya maghribi msichana alipiga magoti mbele ya bibi yake. Hakuanza kwa chakula. Alianza kwa ile chupa, akaeleza yote: kilichokuwamo, alivyodhani, aliowapigia simu. Nyumba ikanyamaza. Yule kijana wa mlangoni naye alikuwapo, safari hii hakucheka.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uliwaambia wewe mwenyewe, au alikuambia mjomba wako uwaambie?"

"Mwenyewe, bibi."

Akakifunua chano. Alichukua duara moja, akapiga bismillahi, akatafuna pole pole huku sisi sote tukimtazama kinywa kama watu wanaongoja mwezi kuandama.

"Chumvi imepungua kwenye unga," akasema. Akachukua la pili.

Nikaona huo ndio wakati wangu. Nikamsomea beti langu, nikamwuliza tukipe jina gani: Tunu ya Pumwani, au Dhahabu ya Chanoni, au lipi?

"Si nanasi la nazi hili?" akajibu. "Tuna ndizi za nazi, tuna muhogo wa nazi. Mnataka jina gani jingine?"

Basi hilo ndilo jina, msomaji, na ndilo mpwa wangu analouzia mpaka leo. Wawili wale waliomkatia walirudi kununua siku ya Idi, na yule aliyemkemea bado, nami simlaumu.

Nilipoaga usiku huo nilimwambia shangazi nitamrudishia mbuzi yake kesho yake asubuhi. Alikuwa akikunja leso, hakuinua macho.

"Mbuzi yangu ibaki Buruburu," akasema. "Mimi mikono imechoka kukuna."